Vipera wa miti: nyoka mdogo wa misitu yetu, je, anamfaa mtu anayeanza kufuga?

Katika misitu ya Kongo kunaishi nyoka mmoja mdogo, mara nyingi wa rangi ya majani mabichi, mwenye magamba yaliyoinuka kama manyoya ya kuku anayesikia baridi. Wataalamu wanamuita Atheris squamigera. Ni vipera anayeishi juu ya miti. Hapa kwetu mtu akimuona, anaita majirani waje na fimbo. Lakini Ulaya na Marekani kuna watu wanaomnunua na kumuweka nyumbani ndani ya sanduku la vioo, sawa vile wengine wanafuga samaki.

Sababu ni uzuri wake. Wengine ni kijani, wengine manjano, wengine karibu na rangi ya chungwa. Tena si mkubwa: wengi hawapiti sana sentimita 60. Kijana ambaye hajafuga nyoka hata siku moja anajiambia: huyu ni mdogo, hatanisumbua. Kosa linaanzia hapo.

Juu ya nini ni mgumu kufuga?

Kwanza, maji. Huko msituni anakunywa matone ya mvua yaliyobaki juu ya majani na juu ya mwili wake. Ukimwekea bakuli chini, anaweza kukauka na maji yako pale. Inaomba kumnyunyizia maji mara kwa mara. Lakini ukizidisha na hewa haipiti, ukungu unaota ndani ya sanduku na mapafu yake yanagonjwa.

Pili, joto. Anahitaji digri karibu 24 mpaka 28 mchana, kisha usiku ishuke kidogo. Joto kali linamuua haraka kuliko baridi ndogo.

Tatu, chakula. Anawinda usiku, akining'inia kwenye tawi na kungojea. Yule aliyekamatwa porini mara nyingi anafika kwa mnunuzi akiwa amechoka, amekauka, ana minyoo tumboni, na panya aliyekufa hamtaki. Watoto wake, wanaozaliwa wazima bila mayai, ni wadogo sana. Wengi wanakataa panya na kutaka vyura wadogo. Mwenye uzoefu anaona mapema kama nyoka anapunguka. Mwenye kuanza anaona nyoka ametulia tu, kumbe anakufa.

Na sumu?

Hapa hakuna mchezo. Sumu yake inaleta maumivu na uvimbe, na inaweza kuharibu damu mpaka ishindwe kuganda. Watu wamekwisha kufa kwa kuumwa naye. Hakuna serumu iliyotengenezwa kwa ajili yake. Serumu za nyoka wengine haziwezi kutegemewa. Hata hospitali kubwa ya Ulaya inabaki kumsaidia mgonjwa kwa kumchunga na kumuongezea damu, bila dawa yenyewe.

Kumbuka pia kwamba sanduku linafunguliwa mara nyingi: kunyunyiza, kusafisha, kulisha. Nyoka wa kijani kati ya majani ya kijani haonekani vizuri, na anapiga haraka. Ndiyo maana Uingereza, tangu sheria ya 1976, mtu hawezi kufuga nyoka wa jamii hii nyumbani bila kibali cha serikali ya mtaa.

Mwenye kuanza ajiulize nini?

Je, amekwisha kufuga nyoka asiye na sumu kwa miaka kadhaa? Kuna mtu mwenye uzoefu wa kumfundisha kutumia fimbo ya ndoano, bila mkono kuingia? Nyumbani kuna watoto? Siku akiumwa, hospitali gani itampokea, na daktari anajua nyoka gani? Kama jibu moja linakosa, basi jibu la yote ni hapana.

Afadhali aanze na nyoka wa mahindi wa Marekani. Hana sumu, anakula panya waliotoka katika frigo, na makosa madogo ya mfugaji anayavumilia. Naye anaweza kuishi zaidi ya miaka 15, kwa hiyo hata huyo si kitu cha kununua juu ya tamaa ya siku moja.

Na sisi tunaoishi karibu na msitu?

Wengi wa nyoka hawa waliouzwa walitoka porini, Afrika. Kwa hiyo kabla ya mnunuzi, kuna mtu aliyepanda kumshika. Yeye naye ni mwenye kuanza, tena hana hata ile fimbo ya ndoano. Akiumwa, asichanje kidonda na wembe, asifunge kamba, asipoteze saa kwa jiwe jeusi. Kiungo kisitikisike, na abebwe hospitalini haraka. Pesa ya nyoka mmoja haiwezi kulipa mkono, wala maisha.