Rap ya zamani: kwa nini sauti inapotea kwenye telefone zetu

Huku Bunia vijana wengi wanasikiliza rap ya Professor Jay kwenye telefone. Mtu anaenda kwa kijana mwenye kompyuta, analipa franka kidogo, nyimbo zinaingia kwenye kadi ya memori, basi. Lakini mara nyingi ile inayoingia si wimbo mzima. Sehemu ya sauti ilitupwa njiani.

Tuchukue mfano wa albamu yake ya 2001, Machozi, Jasho na Damu, iliyotengenezwa na P-Funk Majani wa Bongo Records, Dar es Salaam. Ndani yake kuna « Ndio Mzee »: mwanasiasa anaahidi kila kitu, watu wanaitikia tu. Hata sisi Wakongomani hatuhitaji mtu wa kutufasiria hiyo. Na mwaka 2015 mwimbaji mwenyewe alichaguliwa mbunge wa Mikumi.

Sauti inapotea namna gani?

CD inapima sauti mara 44,100 kila sekunde. Dakika moja inakula karibu mega 10. MP3 ya kilobiti 128 inabakiza karibu mega 1 tu. Inatupa zile sauti ambazo inahesabu kwamba sikio halitazisikia: sauti ndogo iliyo karibu na kubwa, na zile nyembamba za juu kabisa. Maneno utayasikia. Lakini matoazi yanakuwa kama maji yanayochemka, na watu wanaoitikia nyuma wanachanganyikana.

FLAC, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka huohuo wa 2001, inafanya kazi ingine. Inakunja sauti sawa vile unakunja shati ndani ya sanduku: ukikunjua, shati ni lilelile, hakuna kifungo kimekosa. Wimbo wa dakika 4 unachukua kati ya mega 20 na 30.

Mambo matatu ya kujua

Kwanza, MP3 ukiigeuza kuwa FLAC, unapata faili kubwa lakini sauti ni ileile mbaya. Kilichotupwa hakirudi. Uliza muuzaji alitoa wimbo wapi: kwenye CD, ao kwenye MP3 ya mtu mwingine?

Pili, bafle ya Bluetooth inabana sauti tena. Waya ni bora.

Tatu, kama mega ni za shida, usijitese. MP3 ya kilobiti 320 inatosha masikio ya watu wengi.

Na nyimbo za kwetu?

Hapa njo kuna jambo kubwa. Albamu ya Dar es Salaam, hata ikiharibika kwenye telefone yako, kuna watu wengine walioitunza. Lakini kijana wa Mudzi Pela anayeimba juu ya vita na wakimbizi wa Ituri, mara nyingi anatoka studio na MP3 moja tu, ile ya kutuma kwa WhatsApp. Kompyuta ya studio ikiungua ao ikiibiwa, ya asili imekwisha.

Kwa hiyo, msanii, kabla ya kulipa studio, omba faili la WAV. Weka kwenye flash mbili, na moja ikae kwa ndugu anayeishi fasi ingine. Siku ya kukimbia, flash inaingia mfukoni.