Sanaa za Karatasi (4): Kikatio Kilianza na Ngozi

Tangu Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, izinduliwe Dodoma mapema mwaka 2025, neno amali limekuwa midomoni mwa kila mzazi mwenye mtoto wa sekondari. Nimelipokea kwa furaha, kwani kazi ya mikono ndiyo niliyoitetea katika mfululizo huu tangu makala ya kwanza. Lakini walimu wana swali moja: vifaa vya somo vitatoka wapi? Msomaji aliyekuwa nasi anakumbuka tulipoishia. Tuliitazama mashine ndogo ya roli mbili, mabamba yake, na vikatio vinavyopitishwa katikati kukata maua, herufi na pembe za kadi. Leo tuone ni kitu gani kingine kinachoweza kulazwa chini ya kikatio, mbali na kadi nene za rangi zinazouzwa kwa bei ya dhahabu.

Ipo dhana kwamba kikatio ni kifaa cha karatasi, na kwamba ukikitia ngozi au kitambaa umekikosea heshima. Historia inasema kinyume chake. Katikati ya karne ya 19, kabla ya kuingia kwenye kadibodi, vikatio vya chuma vilikuwa mali ya washona viatu, wakivitumia kukata nyayo za ngozi kwa kipimo kimoja. Karatasi ilikuja baadaye, tena kwa ajali, na ajali yenyewe inastahili kusimuliwa kwa kituo.

Robert Gair alizaliwa Edinburgh, akahamia New York akiwa kijana wa miaka 14, akapigana vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani upande wa Kaskazini, kisha akaingia katika biashara ya karatasi. Mwaka 1879 kiwanda chake cha Brooklyn kilikuwa kikichapa mifuko ya mbegu. Ukingo mmoja wa chuma, uliowekwa kwenye mtambo ili kutia mkunjo tu, ulikuwa umenyanyuka kupita kiasi, ukaikata mifuko badala ya kuikunja. Mzigo ule uliharibika. Gair akautazama na kuona jambo ambalo wenye viwanda wenzake hawakuwa wameliona: kama ukingo ulionyanyuka hukata, na ulioshuka kidogo hukunja, basi kingo za vimo viwili zikipangwa kwenye bamba moja zitakata na kukunja boksi zima kwa pigo moja. Kabla ya hapo kazi hizo zilifanywa mbalimbali, na nyingi kwa mkono. Mwishoni mwa karne ile kampuni ya National Biscuit ilipoanza kuuza biskuti zake za Uneeda ndani ya boksi, badala ya kuzichota kwenye pipa la dukani, maboksi yalitoka kwa Gair. Boksi la dawa ya meno na la majani ya chai lililoko nyumbani kwako leo ni uzao wa mfuko ule wa mbegu ulioharibika.

Nimekaa sana kwa Gair kwa sababu ndani ya kisa chake mna kanuni nzima ya kazi hii. Katika viwanda vya maboksi wembe wa kukatia una kimo cha milimita 23.8, na ukingo wa kutia mkunjo huwa mfupi kuliko huo kwa kiasi kidogo sana. Tofauti hiyo ndogo ndiyo kila kitu. Mwanafunzi akishaielewa, hatauliza tena kama mashine "inakubali" gome au ngozi. Atauliza unene wa kitu hicho, na ataongeza au kupunguza vipande vya karatasi chini ya bamba mpaka mgandamizo ukae sawa. Atajua pia kutofautisha vikatio viwili tulivyovitaja katika makala iliyopita. Kile chembamba kama sarafu ni cha karatasi na kadi nyepesi tu. Kile kirefu, chenye wembe uliozungukwa na sponji, ndicho mrithi wa washona viatu, na ndicho cha kazi ya leo. Wengi wanaolalamika kwamba mashine yao ni mbovu wamelaza ngozi chini ya kikatio cha karatasi.

Sasa tuje kwenye vitu vyenyewe. Cha kwanza kwangu, na sitaficha mapenzi yangu, ni lubugo, nguo ya gome la mti wa mutuba inayotengenezwa Buganda na mafundi wa ukoo wa Ngonge. Gome la ndani huvunwa majira ya mvua, hupigwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji, pana kwanza kisha nyembamba, mpaka linatanuka na kuwa laini lenye rangi ya udongo. Shina hufungwa majani ya mgomba ili gome lichipue upya, na mti huohuo huvunwa tena miaka inayofuata. UNESCO iliitangaza kazi hii mwaka 2005 kuwa miongoni mwa tunu za urithi wa binadamu, ikaiingiza katika orodha yake mwaka 2008. Wahaya wa Kagera nao walilivaa gome. Wafanyabiashara wa misafara ya pwani walipofikisha pamba Buganda katika karne ya 19, lubugo lilianza kurudi nyuma, na sisi wa pwani tuna deni hapo. Kwa mwenye kikatio lubugo lina sifa adimu: halikufumwa, kwa hiyo ukingo wake ukikatwa haufumuki. Jani la lubugo juu ya kadi nyeupe halihitaji pambo jingine.

Kitenge hakina bahati hiyo. Ukikikata kikavu, nyuzi zitafumuka kabla kadi haijafika kwa mwenyewe. Kibandike kwanza kwenye karatasi nyembamba kwa gundi ya wanga, kikauke kabisa, ndipo ukate. Maganda makavu ya mgomba yanafuata mkondo wa nyuzi na hupasuka kwa urefu. Yabandike matabaka mawili yaliyopishana na yatatulia. Nyayo za kandambili zilizochakaa hukatika vizuri na kuwa mihuri ya kuchapia.

Pakiti ya maziwa ya muda mrefu ni hazina tunayoitupa kila asubuhi. Ina matabaka ya kadibodi, plastiki na alumini yaliyogandamizwa pamoja, na kuyatenganisha ili yarejelezwe kunahitaji mitambo maalumu. Ioshe kwa sabuni, ikaushe, ikate upande wa fedha ukiwa juu, upate nyota inayong'aa na isiyolowa. Kopo la soda nalo hukatika, lakini hupunguza makali ya wembe, na kingo zake hukata vidole. Wapewe wakubwa tu, na msasa uwe mezani.

Wapo watakaosema leza ingefanya yote haya haraka. Leza huchoma. Plastiki ya PVC ikichomwa hutoa gesi ya haidrojeni kloraidi, inayodhuru mapafu na kula chuma cha mashine. Kikatio hukandamiza tu, na darasa linabaki na hewa safi.

Na asiye na mashine asijitoe. Katika mji wa San Salvador Huixcolotla, jimbo la Puebla nchini Mexico, mafundi wa papel picado hupanga makumi ya karatasi nyembamba, huweka mchoro juu, na kuzitoboa zote kwa patasi na nyundo. Hapa kwetu mafundi wa Gerezani na wa Kamukunji hukunja chuma kigumu zaidi kila siku. Kipande cha msumeno wa zamani, kikipindwa kufuata umbo la jani na kunolewa upande mmoja, ni kikatio kamili. Kuagiza umbo la jani la mwembe kutoka ng'ambo, wakati fundi yuko mtaa wa pili na mwembe uko uani, ni uvivu tunaoufundisha watoto bila kujua.

Nafasi imebaki ndogo kwa amali yenyewe, kwa hiyo nitasema kwa ufupi. Mashine moja ya mkono inatosha darasa zima likifanya kazi kwa zamu. Wakuu wa shule, kabla ya kuidhinisha orodha ya manunuzi, mpelekeni mwalimu wa amali kwa fundi chuma akiwa na mchoro wa wanafunzi, na wanafunzi waanze wiki hii kukusanya pakiti za maziwa. Makala ijayo ni ya gundi ya wanga wa muhogo: jinsi ya kuipika na kuizuia isiote ukungu.