Asilimia au Logi: Usilipe Mara Mbili kwa Jibu Lilelile

Mwanafunzi mmoja wa uzamili aliniletea matokeo yake akiwa amekata tamaa. Alichunguza kwa modeli ya logistiki ni kaya zipi hupikia gesi, na mbele ya "sehemu ya kipato itokanayo na mshahara" jedwali lilionyesha 20.09. Msimamizi aliikataa namba hiyo. Mchambuzi wa takwimu aliyekwisha kulipwa alikuwa tayari kurudia kazi yote, kwa malipo mapya.

Hapakuwa na cha kurudia. Sehemu hiyo iliingizwa kwa kipimo cha 0 hadi 1, kwa hiyo "ongezeko la moja" lilimaanisha kutoka kaya isiyopata mshahara hata senti hadi kaya inayoishi kwa mshahara mtupu. Kizigeu kilikuwa 3, na kizidisho, yaani e kwa kipeo cha 3, ni 20.09. Safu hiyohiyo ukiiandika 0 hadi 100, kizigeu kinakuwa 0.03 na kizidisho 1.03, sasa mtu atasema hakuna athari ya maana. Chukua hatua ya pointi 10 za asilimia, yaani 0.03 mara 10, kisha e kwa kipeo cha 0.3: unapata 1.35. Thamani ya p ni ileile na utabiri ni uleule. Kalkuleta ya simu inatosha.

Mimi huchagua pointi 10, maana kaya mbili zinazotofautiana hivyo zipo kweli mtaani. Ila kama data yako yote iko kati ya asilimia 2 na 8, baki na pointi moja.

Halafu soma kizidisho hicho kwa uangalifu, kwani hapa ndipo tasnifu nyingi huharibika. Kinazidisha uwiano wa wanaotumia gesi kwa wasiotumia, hakizidishi asilimia ya watumiaji. Tuseme kati ya kaya 100, 20 hupikia gesi. Uwiano ni 20 kwa 80, yaani 0.25. Ukizidisha kwa 1.35 unapata karibu 0.34, ambayo ni kaya 25 kati ya 100. Aliyezidisha 20 kwa 1.35 moja kwa moja ataandika 27, na atakuwa amekosea.

Kwa kipato, chaguo ni jingine. Kipato cha kaya chache huwa kikubwa mno, na logi hupunguza pengo hilo. Programu nyingi hutumia logi asilia, na tuseme kizigeu ni 0.5. Ukipandisha e kwa kipeo hicho moja kwa moja unapata 1.65, lakini hiyo ni kwa kipato kilichozidishwa mara 2.718, na hakuna anayehesabu mshahara hivyo. Tumia logi ya kizio cha 2: kila kipato kinapoongezeka maradufu, uwiano unazidishwa kwa 1.41. Kipato kikipanda kwa asilimia 10 tu, ni 1.1 kwa kipeo cha 0.5, karibu 1.05. Msomaji yeyote ataelewa.

Kuhama kutoka shilingi kwenda logi, tofauti na kubadili hatua, hubadilisha modeli yenyewe. Hapo utaalamu unastahili kulipiwa. Vivyo hivyo kwa kaya zenye kipato sifuri: sifuri haina logi, na wengi huongeza 1 kimyakimya. Moja hiyo ikiwa shilingi moja au shilingi elfu, matokeo hutofautiana. Muulize mchambuzi wako aliongeza nini, na kwa nini.

Kuhusu programu, SPSS na Stata zinahitaji leseni ya kulipia. R na jamovi ni bure, na hesabu zote za hapa zinafanyika humo bila upungufu wowote. Kwa mwanafunzi anayejilipia, ningeshauri aanze na jamovi.

Kabla hujatoa hela ya marudio, mwombe mchambuzi akuandikie jambo moja: "ongezeko la moja" katika kila safu ni ongezeko la nini.