Gogo la Mnazi Ndiyo Leba ya Chonga

Ukipita Toangoma, Kimbiji au Mbweni mkoani Dar es Salaam, inua macho utazame vilele vya minazi. Utaona makuti yaliyokatwa pembe, kana kwamba mtu aliyapitishia mkasi yakiwa bado yamekunjwa. Hiyo ni kazi ya chonga, mbawakawa mweusi mwenye pembe, ambaye wataalamu humwita Oryctes monoceros. Huruka usiku hadi kileleni, akatoboa makuti machanga yasiyofunguka na kufyonza utomvu wake. Kuti likija kufunguka, ndipo jeraha linapoonekana. Mnazi mkubwa hustahimili, japo mazao hupungua. Chonga akiufikia moyo wa mnazi mchanga, umekwisha, kwa sababu mnazi hukulia mahali pamoja tu na hauchipui tawi.

Wengi hudhani chonga huonea mnazi dhaifu, kwa hiyo dawa yake ni mbolea na nafasi. Kwa miti mingine wangekuwa wamesema kweli. Katika misitu ya misindano ya Marekani na Kanada, mbawakawa wa magome hushinda kwa urahisi mti uliobanwa na wenzake hadi ukakosa maji. Mti wenye nafasi hunywa vizuri, na mdudu akitoboa gome hukutana na ulimbo unaomsukuma nje au kumzamisha. Ndiyo maana mabwana misitu wa huko hupunguza miti, kisha hupitisha moto wa kupangwa chini yake. Hata moto huo una gharama: miti iliyobabuka huweza kuwavuta wadudu kwa muda, kabla faida haijaonekana.

Mnazi hauna ulimbo wa kujitetea. Upe nafasi ya meta 9, upe na samadi, chonga atauvamia ukiwa na afya tele. Basi badala ya kuuliza mti una nguvu kiasi gani, tuulize mdudu huyu amezaliwa wapi.

Amezaliwa ndani ya mnazi uliokufa. Jike hutaga kwenye magogo na visiki vinavyooza, kwenye marundo ya samadi na ya vumbi la mbao. Funza wake, weupe, wanene, waliojikunja, hula uozo huo kwa miezi kadhaa kabla ya kugeuka mbawakawa. Na pwani yetu imewaandalia karamu. Ugonjwa wa minazi unaoletwa na vijidudu viitwavyo fitoplazma umeua minazi mingi ya pwani ya Tanzania Bara, na mpango wa taifa wa minazi ulioanza mwaka 1979, ambao ndio chimbuko la kituo cha utafiti cha Mikocheni, ulilazimika kupambana na ugonjwa na chonga kwa pamoja. Siku hizi mashamba yanapimwa viwanja, minazi inaangushwa, na gogo linasukumwa kando ya ukuta lioze lenyewe.

Wengine hufyeka na kuwasha moto, wakaamini wamemaliza. Moto wa majani hubabua gogo nje tu. Ndani limelowa kama sifongo, na funza wanaendelea kula. Tena moto huo umeondoa kifuniko. Mimea mizito ikilifunika gogo, jike hupata taabu kulifikia. Kwa sababu hiyo wakulima wa michikichi Malaysia huotesha mikunde itambaayo juu ya magogo, kumzuia binamu wa chonga wetu, Oryctes rhinoceros.

Moto unaofaa ni ule unaotanguliwa na shoka. Pasua gogo, lianike likauke, kisha lichome mpaka liwe majivu. Gogo gumu la mnazi mzee linaweza kupasuliwa mbao likiwa bado zima. Kisiki king'olewe, au kifukiwe kwa udongo. Samadi igeuzwe mara kwa mara. Ukiwaona funza, waite kuku. Kwa mnazi ulioshambuliwa, mkwezi hodari humtoa chonga tunduni kwa waya wenye ndoana, kisha hutia mchanga uliochanganywa na majivu kwenye makwapa ya makuti.

Lakini chonga ana mbawa, na ukuta wa kiwanja haumzuii. Wewe ukisafisha na jirani akaacha, umefanya nusu ya kazi. Kwa hiyo siku ya usafi wa mtaa isiishie kwenye mitaro na mifuko ya plastiki. Magogo ya minazi nayo yahesabiwe. Na ukiangusha mnazi leo, usiache mvua zijazo zikute gogo lake chini.