Kupima na Kukadiria: Istilahi za Shinikizo la Ndani ya Fuvu

Fuvu la mtu mzima halitanuki. Ndani yake mna ubongo, damu na majimaji ya ubongo. Kimojawapo kikizidi, vingine havina budi kupungua, ama sivyo shinikizo hupanda. Kanuni hii hutajwa kwa majina ya Alexander Monro (1783) na George Kellie (1824). Kwa mtu mzima aliyelala chali, shinikizo la kawaida ni kama milimita 7 hadi 15 za zebaki.

Kulipima moja kwa moja hudai fuvu litobolewe na mrija au kihisi kiingizwe, jambo liwezalo kuleta uvujaji wa damu au maambukizo. Ultrasaundi yatoa njia nyingine. Kifaa huwekwa juu ya kope iliyofumbwa, na upana wa ala ya neva ya jicho hupimwa milimita 3 nyuma ya jicho. Ala hii, iliyoifunika neva kama ala ya kisu, huingiwa na majimaji ya ubongo. Shinikizo likipanda, nayo hutanuka.

Istilahi tatu zataka uangalifu:

(a) Shinikizo. Vitabu vya fizikia hutumia kanieneo, lakini hospitalini shinikizo limekwisha kuzoeleka. Litumike, ila liandikwe kwa ukamilifu, "shinikizo la ndani ya fuvu", lisije likadhaniwa kuwa shinikizo la damu.

(b) Kisichotoboa. "Kipimo kisichopenya" si sahihi, kwa kuwa mawimbi ya sauti hupenya mwilini. Kinachoepukwa ni kutoboa.

(c) Kukadiria. Kinachopimwa hapa ni upana wa ala. Shinikizo hukadiriwa tu. Mpaka wa hatari hutajwa mara nyingi kuwa baina ya milimita 5 na 6, wala watafiti hawajaafikiana juu ya tarakimu moja.

Tofauti hii ya tatu ndiyo nzito. Ndugu wa mgonjwa asiyejitambua akisoma katika fomu ya idhini kwamba "tutapima shinikizo", ataamini kuwa jibu litakuwa la hakika, na pengine atakataa fuvu kutobolewa hapo itakapolazimu. Mfasiri na aandike: "Tutapima upana wa ala ya neva ya jicho ili kukadiria shinikizo la ndani ya fuvu." Sentensi ni ndefu zaidi, lakini haimwahidi msomaji lisilokuwapo.