Kazi ya Kujitolea Nayo ni Kazi



Tukisikia habari za watu wanaokwenda nchi za mbali kufundisha juu ya Ukimwi, wengi wetu tunamfikiria kijana wa Ulaya mwenye mkoba mgongoni. Vijana hao wapo, wala hatuwadharau. Lakini tulipotoka Mbarara kwenda makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, tulimkuta mtu mwingine anayebeba mzigo huo.

Nakivale si ya jana. Ilianza kupokea Wanyarwanda waliokimbia kwao karibu na mwaka 1960. Leo wamo Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine, zaidi ya laki moja.

Mwenyeji wetu alikuwa mama wa Kikongo, naye mkimbizi. Asubuhi analima, alasiri anapita nyumba kwa nyumba na daftari lake. Hataji Ukimwi mlangoni. Anauliza habari za watoto, chandarua na maji, na siku ya tatu au ya nne ndipo anauliza kama mama mjamzito amekwenda kupima. Mgeni wa wiki tatu hutaja Ukimwi kabla hajapewa kigoda, tena kwa kinywa cha mkalimani. Mwanamke gani atasimulia mambo ya kitandani mbele ya mtoto wa jirani anayetafsiri?

Anachofundisha ni chepesi kukieleza. Mwenye virusi akimeza dawa kila siku, mpaka kipimo cha damu kisivione tena, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Mama anayetumia dawa vizuri anaweza kuzaa mtoto mzima. Kuaminiwa ndiko kugumu. Uganda ililijua jambo hili mapema: mwaka 1987 Noerine Kaleeba na wenzake, watu walioguswa na ugonjwa huo nyumbani mwao, walianzisha TASO, ambayo ilifungua kituo Mbarara pia. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya alitangaza hadharani kwamba anaumwa, akazunguka mashuleni na makanisani mpaka nguvu zikamwishia. Alikuwa mtu wao, wakamsikiliza.

Na sisi tukiri. Zamani, katika shamba moja la chai, mchuma chai mwenzetu alitengwa hata kwenye bomba la maji kwa kuwa alikonda. Chama kilikuwapo. Tulinyamaza. Leo kila mwakilishi wa tawi ajue kuwa Pendekezo Namba 200 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 2010, linasema mfanyakazi asilazimishwe kupimwa virusi, wala asifukuzwe kwa sababu ya virusi.

Sasa turudi kwa yule mama. Hana mshahara. Hupata nauli mara moja moja, na fulana. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba wahudumu wa afya wa vijijini walipwe kulingana na kazi yao, wala isitegemewe hisani tu. Mwanzoni mwa 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake, huduma nyingi za Ukimwi nchini Uganda ziliyumba. Yeye aliendelea kupita na daftari.

Tulipokuwa tunaagana alituuliza: "Ndugu zangu, chama chenu kinapokea mtu asiye na mwajiri?"

Hatukuwa na jibu. Swali lake tumeliandika katika ajenda ya mkutano ujao wa matawi, nambari ya kwanza.