Mbogi Yako Inaenda Kutembelea Shule Maalum Ukambani? Acha Baluni Nyumbani

Kila mwaka kuna mbogi inachanga doh, inakodisha mathree na kuhepa Nairobi kutembelea shule ya watoto wenye ulemavu wa viungo pande za Kitui ama Makueni. Poa sana. Lakini msipange Desemba. Shule zimefungwa, watoi wako kwao, mtapata soja wa geti na mbuzi.

Halafu baluni. Najua utasema niko na roho mbaya, lakini skiza. Kwa shule kama hizi kuna watoi waliozaliwa uti wa mgongo haujafunga vizuri, ile madaktari huita spina bifida. Hao hupasuliwa na kuwekewa mipira ya mkojo tangu wakiwa wadogo, na miili ya wengi huishia kukataa lateksi, ile raba ya glavu na baluni. Baluni moja tu na mtoi anaanza kuwashwa, anavimba, ama pumzi inakwama. Hiyo ni stori ya hosi, na hosi inaweza kuwa mbali noma.

Keki pia, uliza kwanza. Mtoi mwenye CP anaweza kuwa na misuli ya koo isiyoshika vizuri, so njugu ama kipande kikavu kinapitia njia ya hewa. Matroni anajua nani anakula nini na anakalishwa aje. Na usimwongeleshe kama bebi. Anaweza kuwa mkali darasani kukushinda, ni mdomo tu unachelewa.

Sasa mpeleke nini? Vitu hazipendezi kwa picha: tyubu, pampasi za watoto wakubwa, mito ya kukalia. Mto ni serious. Asiyehisi kuanzia kiuno kushuka anaweza kukalia ubao siku nzima, ngozi ioze na asisikie uchungu. Kidonda kama hicho kinaweza kumlia muhula mzima.

Viti vya magurudumu ndio watu hukosea zaidi. Lami ya Kibwezi kupitia Mutomo hadi Kitui iko fiti, lakini ukiiacha tu, ni mchanga. Kile kiti cha hospitali chenye vigurudumu vidogo mbele kinazama hapo hapo. WHO ilisema tangu 2008 kiti kipimwe kulingana na mwenyewe na mahali anaishi. APDK, walioanza 1958, huviunda hapa hapa Kenya. So pigia shule simu kabla ya kununua kumi za saizi moja. Na ukifika usishike kiti ya mtoi uanze kusukuma bila kumuuliza. Hiyo ni miguu yake.

Picha nazo, sheria ya data ya 2019 inataka mzazi ama mlezi akubali kwanza. Ongea na mwalimu mkuu kabla ya kuingia TikTok.

Kisha weka simu, mkae chini mle muthokoi na watoi mkipiga stori. Kuna wenye siku ya wazazi huwapita hivyo tu juu nauli ya kwao ni ngori. Mkiwa na viti tupu kwa hiyo mathree, uliza shule kama kuna mama wa njiani mnaweza kubeba.